Mviringo Kwenye Tatu

Nilishuka Tororo na hojaji mia tatu na kumi na mbili
ndani ya gunia la sukari,
maana mkoba ulikatika kamba Bugiri.
Mhadhiri alinipa kalamu tano na onyo moja:
"Usitie neno lako. Uliza, piga mviringo, ondoka."

Moja: sikubali kabisa. Tano: nakubali kabisa.
Katikati pana tatu,
na tatu ni kizingiti,
aliyesimama hapo hayumo ndani, wala hajatoka.

Nilianza ofisi ya maji.
Opendi, msoma mita, alisoma swali asomavyo mita:
kwa kuinama, kwa kupangusa vumbi, kwa kutoamini.
*Mwajiri wangu anathamini mchango wangu.*
Akacheka hadi kofia ikadondoka.
"Nina buti la mguu mmoja. Mwenzake alimezwa na mtaro
mwaka juzi, nikaandika barua.
Barua ikajibiwa, usidhani.
Walinijulisha kwamba barua imefika."
Kisha akautazama mlango wa mkubwa wake,
sauti ikashuka kama bomba saa sita mchana:
"Weka tatu."

Mwalimu Nyachwo hakuacha kusahihisha.
Watoto mia moja na kumi na wanane, madaftari yao
yamepanda juu ya meza kama ukuta usio na saruji,
katika mji unaopika saruji.
*Mafunzo kazini yameboresha utendaji wangu.*
"Nilikwenda mara moja, hotelini, Mbale.
Tulifundishwa kufundisha darasa la watoto arobaini.
Wali ulikuwa mzuri."
Tiki, tiki, kosa, tiki.
"Tatu, mwanangu. Na ufunge mlango, chaki inapeperuka."

Zahanati ya njia ya Mulanda nilifika usiku,
Muuguzi Nyadoi peke yake zamu.
Tulifika swali la kumi na sita, mama akaletwa na bodaboda,
uchungu umemshika njiani.
Umeme ulikuwa umekwenda kwao.
"Wewe wa maswali, una tochi kwenye simu?
Mulika hapa. Usitikisike."
Nilimulika. Nilitikisika.
Saa nzima sikumuuliza mtu jambo,
na ndiyo saa niliyojifunza mengi kuliko zote.
Mtoto alilia. Nyadoi akanawa kwa maji ya dumu,
akavuta kiti, akakaa.
"Tulikuwa la ngapi?"
"La kumi na saba. *Nina vifaa vya kutosha kutimiza majukumu yangu.*"
Akaiangalia simu yangu, betri asilimia nne.
"Jibu umelishika mkononi," akasema.
"Lakini andika tatu. Kijana wangu yuko sekondari,
na ada haijui utafiti."

Hojaji zikarudi Kampala, kompyuta ikazitafuna,
ikatema wastani: tatu nukta moja.
Mhadhiri akaandika kwamba watumishi wa umma wa huko
*hawana msimamo ulio wazi.*
Nikampigia. Nikamwambia tatu ile si namba,
ni mlango uliorudishwa polepole ili usilie.
Akaniuliza, kwa upole, mtu mwema yule:
"Kisanduku gani kinaonyesha hivyo?"
Nikatafuta. Buti halikuwa na kisanduku.
Wali haukuwa na kisanduku. Tochi, vilevile.
Kimya kingi kina mshindo, walisema wahenga;
hiki chetu kilikuwa na wastani.

Nilibaki na hojaji moja, ya mia tatu na kumi na mbili.
Mwenyewe alikuwa mazishini, sikumpata.
Juzi, nikisubiri nusu ya pili ya malipo yangu,
mwezi wa tano nikisubiri,
nikaifungua chumbani, nikajiuliza swali la nne:
*Ninalipwa kwa wakati.*
Kalamu ilikuwa tayari. Chumba kilikuwa kitupu.
Nikautazama mlango, hata hivyo,
kisha nikapiga mviringo.